Mume anataka tukaishi Karonga kama wenyeji, na kwao Mbozi wanatusubiri kwenye kahawa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbeya mjini na nina kibanda cha vitenge soko la Mwanjelwa. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Mimi kwetu ni Kyela, yeye kwao ni Mbozi. Nakuandikia usiku watoto wamelala, maana mchana nikilifikiria jambo hili nakosea hata chenji ya wateja.

Tangu tuoane, miaka kumi na tano sasa, kila likizo ya Juni tunakwenda Mbozi kwa mama mkwe kuchuma kahawa. Wewe unaijua kahawa, Shangazi, haiivi yote siku moja. Leo unachuma nyekundu, baada ya wiki unaurudia mti uleule. Na iliyochumwa leo inakobolewa leo, ikilala inachacha na bei inaharibika. Kwa hiyo mchana ni shambani, jioni ni kwenye mashine ya mkono, na ile iliyooshwa ikiwa juani kwenye chanja inataka kugeuzwa kutwa. Mimi kama mkwe naamka saa kumi na moja, nawasha moto, napika uji wa wachumaji, natoka nao shambani, kisha saa tano nakimbia kurudi kupika ugali na maharage ya watu kumi na wawili, siku nyingine kumi na watano. Juni kule ni baridi, maji ya asubuhi yanauma vidole. Likizo ikiisha narudi sokoni nimechoka kuliko nilivyoondoka.

Sijawahi kulalamika. Mama hajawahi kunitendea ubaya. Yeye anaongea Kinyiha, Kiswahili chake ni cha salamu na bei ya kahawa. Mimi Kinyiha changu ni cha salamu tu, basi tunaelewana kwa mikono. Mwaka jana, usiku wa mwisho kabla hatujaondoka, alikuja jikoni na beseni la maji ya moto, akaliweka miguuni pangu, akatoka. Hakusema kitu.

Mwaka huu mume wangu amekuja na jambo jipya. Zamani alifundisha Kyela na akapata rafiki, mwalimu mwenzake wa Karonga, Malawi. Huyo rafiki ana nyumba ya vyumba viwili karibu na Ziwa Nyasa, mpangaji amehama, na anatupa kwa bei ndogo kwa wiki tatu. Mume wangu alisoma mahali kwamba kule Ulaya, majira yao ya joto, familia nyingi haziendi hoteli. Wanapanga nyumba kijijini Italia au Ufaransa, wananunua mkate dukani kwa jirani, watoto wanacheza na watoto wa pale, hakuna ratiba wala mbio. Akaniambia, "Na sisi tunaweza mama watoto. Hatuhitaji ndege. Ng'ambo yetu iko pale Mto Songwe tu." Anataka tuishi kama wenyeji kabisa. Samaki wa asubuhi kwenye mitumbwi, baiskeli ya kuazima, kanisani Jumapili, jioni kukaa uani. Akanionyesha picha kwenye simu, usipa, wale samaki wadogo kama dagaa, umeanikwa kwenye vichanja ufukweni. Mwanzo nikadhani ni chanja za kahawa za mama.

Shangazi, nilifurahi hadi machozi yakanitoka. Wangonde wa Karonga lugha yao na yetu ni moja, unasema "ndaga" na unajibiwa. Bibi mzaa mama alikuwa na ndugu ng'ambo ile. Nikajiona naamka asubuhi na hakuna anayeniita.

Halafu Jumapili moja nikiwa napiga pasi sare za watoto, nikamsikia akiongea na kaka yake kwa simu. Akasema, "Mama watoto ndiye amekazania twende ziwani mwaka huu, anasema amechoka na kahawa." Sikuwahi kusema maneno hayo. Pasi nusura iunguze shati. Sikumwambia kwamba nimesikia.

Siku mbili baadaye shemeji akanipigia mimi. Akasema, "Shemeji, mnakwenda kuishi kama wenyeji kwa watu, na huku kwenu ninyi ni wageni. Watoto hawajui hata kuomba maji kwa Kinyiha." Akaendelea kwamba wanajua kule ni kwa ndugu zangu, na kwamba namvuta ndugu yao kwetu kwa mlango wa nyuma. Akamaliza kwa kusema mama tangu asikie habari hiyo hana raha, hata chakula anakigusagusa tu.

Kuna na hesabu. Mwenye pasipoti ni mume wangu peke yake. Pasipoti moja ni shilingi 150,000, sisi wanne waliobaki ni 600,000 kabla hata ya nauli. Jiko la mama linavuja. Hela hiyo ingeezeka jiko na chenji ikabaki.

Na watoto nao hawako pamoja. Binti wa miaka kumi anaota ziwa. Mdogo wa miaka sita anataka penye mtumbwi. Lakini kijana wangu wa miaka kumi na minne anasema yeye ataenda Mbozi. Binamu zake wako kule, na bibi yake alimpa mstari wake wa mibuni, hela ya mstari ule ni yake.

Sasa sijui nishike lipi. Nikienda, lawama ni yangu. Nikikataa, nimeipoteza nafasi ambayo sijui kama itarudi. Nikisema ukweli kwamba wazo ni la mume, nimemvua nguo mbele ya kaka yake. Na kuna jambo moja naona aibu kuliandika: kwenda nataka.

Mama wa Watatu, Mbeya

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kwa haraka, mara ya pili polepole, na kila nikifika kwenye lile beseni la maji ya moto nasimama. Nitarudi hapo.

Nikikuelewa vizuri, mambo yako yamesukwa pamoja kama ukili. Kuna safari ya Karonga ambayo wewe na mumeo mnaitamani. Kuna mama na kahawa yake na desturi ya miaka kumi na tano. Na kuna maneno ambayo mumeo aliyasema kwa jina lako bila kukuuliza. Wewe umeyafunga yote kwenye swali moja, twende au tusiende. Naogopa kwamba ukilijibu hilo peke yake, hayo mengine yatapanda nanyi basi mpaka Kasumulu mpakani, na yatalala nanyi kwenye nyumba ile ya vyumba viwili.

Nianze na yale maneno, kwa kuwa naona ndiyo yaliyokuunguza. Mumeo hakufanya vema. Alikutwika mzigo na wewe hukuwepo kuukataa. Sitaki nilipunguze hilo. Lakini jiulize kwa nini mtu mzima, mwalimu, aseme "mke wangu amechoka" badala ya "mimi nimechoka". Mtoto wa kiume mbele ya kaka mkubwa, na kahawa ya mama iko mitini, anapata taabu sana kusema kwamba na yeye anataka kupumzika. Huenda alikuona mwaka jana ukirudi umekwisha, akatafuta njia ya kukutoa kule, akashika isiyofaa. Huenda pia aliona tu kwamba lawama ikikaa kwako yeye atapumua. Mimi simjui, wewe unamjua. Ila sasa hivi unamhukumu kwa sentensi moja uliyoisikia ukiwa na pasi mkononi, na yeye hajui kama uliisikia.

Ningekuwa wewe ningemwambia. Si mbele ya watoto, wala si usiku ambao ana madaftari ya kusahihisha. Mwambie, "Baba fulani, nilikusikia Jumapili ile," kisha unyamaze umwache yeye aongee. Anaweza kuona aibu na kukuomba radhi, akampigia kaka yake mwenyewe. Anaweza pia kupandisha sauti, maana mtu aliyekutwa huwa na hasira ya karibu. Akipandisha, usiifukuze hasira yake siku hiyohiyo. Lile la kumweleza shemeji ukweli mwenyewe lipo, hakuna anayekuzuia, na una haki. Gharama yake unaiona: utakuwa umejisafisha, na ndugu wawili watakuwa na neno kati yao ambalo kila Juni litakaa nao mezani. Pima kama unaweza kuishi nalo.

Sasa turudi kwenye safari. Umeandika kwamba Karonga hutaitwa na mtu asubuhi. Naomba nikuulize kwa upole, mwanangu. Mnakwenda kuishi kama wenyeji. Mwenyeji yupi?

Mwanamke wa ufukwe ule anaamka mitumbwi ya usipa ikiwa bado inarudi na taa zake. Anashuka na beseni, ananunua samaki wabichi, anawaosha mchanga, anawatandaza kwenye kichanja na kuwageuza jua likipanda, anafukuza kunguru. Katikati ya hayo anachota maji, anawasha mkaa, na mchana anasonga nsima. Nsima ni ugali, na ugali una mpishi. Hata hao wa Italia na Ufaransa ambao mumeo amesoma habari zao, mkate wanaununua umeshaokwa na nguo zinafuliwa na mashine. Ukichukua maisha ya mwenyeji yote kama yalivyo, umetoka kwenye chanja ya kahawa umeingia kwenye kichanja cha usipa, na picha ile ya simu ilikuwa imeshakuambia.

Sisemi hivyo kukukatisha tamaa. Naona wazo la mumeo ni zuri kweli. Familia kukaa mahali pamoja wiki tatu bila kukimbizana, watoto wakajua jina la mvuvi na bei ya samaki kwa kwacha, ni jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii, tunadhani kutalii ni kazi ya wazungu kwenye magari ya mbuga. Ninachouliza ni nani atawasha moto. Kabla hujasema ndiyo, kaeni mhesabu siku za wiki kwa majina yake. Jumatatu anapika nani? Nani anafua Jumamosi? Binti wa miaka kumi anaweza kuosha vyombo, na mwalimu anaweza kumpaa samaki magamba kama anavyoweza kusahihisha mtihani. Akicheka ukimuuliza, hapo utakuwa umeijua likizo yako itakavyokuwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ninyi mnataka wiki tatu, basi jembe lipo. Swali ni mkono wa nani utalishika.

Na mjue wenyeji hawaishi kwa samaki na jioni za uani tu. Kukitokea msiba mtaa ule, nawe unaongea lugha yao, utaitwa. Wewe wa Kyela hilo unalielewa bila kuambiwa. Watoto wako wataona mama yao anakaa na wanawake wa pale, analia nao, anaosha sufuria zao. Mimi naona siku hiyo ndiyo mtakuwa mmeishi kama wenyeji. Ila haiko kwenye mpango wa mumeo, mweleze.

Hapa nataka niguse jambo ambalo shemeji yako alilisema kwa ukali, kwamba unamvuta ndugu yao kwenu kwa mlango wa nyuma. Hakupaswa kusema vile. Mto Songwe uligeuzwa mpaka na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890 walipogawana ardhi ambayo haikuwa yao, na Wanyakyusa na Wangonde wakajikuta kila mmoja upande wake na lugha ileile mdomoni. Kutamani kusikia lugha ya bibi yako ikijibiwa njiani si njama. Lakini jitazame wewe mwenyewe, taratibu. Miaka kumi na tano umekuwa mgeni anayefanya kazi Mbozi. Unapika kwa lugha ya watu, unasalimu na unanyamaza. Inawezekana kabisa kwamba machozi yale hayakuwa ya ziwa. Yalikuwa ya kufikiria mahali ambapo utaongea na kueleweka bila kutumia mikono. Kama ndivyo, ni vizuri ulijue na mumeo alijue, kwa sababu wiki tatu za Karonga zitakupa hilo kidogo tu, kisha Juni nyingine itakuja na wewe bado ni yule wa salamu.

Na lile la watoto kutojua kuomba maji kwa Kinyiha limekuuma kwa sababu lina ukweli ndani yake. Nakubali. Ila lugha hiyo wangeipata wapi? Bibi yao yuko shambani tangu jua linachomoza, jioni yuko kwenye mashine, usiku amelala. Wewe uko jikoni. Kahawa imekula saa zote ambazo bibi angekaa na wajukuu. Shemeji analalamika kwamba watoto ni wageni kwao, na wakati huohuo likizo yenyewe wameitengeneza ya kazi tupu. Mumeo ana hamu ya kuishi kama mwenyeji bila ratiba. Je, amewahi kufikiria kuishi hivyo Mbozi, hata siku nne, wachumaji wakiwa wa kulipwa na bibi akienda na wajukuu mnadani?

Sasa mama. Mwanangu, ukisoma tena barua yako utaona kitu. Mume amesema, shemeji amesema, watoto watatu kila mmoja amesema lake. Mama hajasema neno. Kwamba hana raha ni shemeji aliyekuambia. Kwamba anasubiri mikono ya kuchuma ni desturi iliyokuambia. Kitu kimoja tu mama amekuambia mwenyewe, tena bila mkalimani, ni lile beseni la maji ya moto. Alikuona. Alijua miguu yako inauma. Mzee anayebeba maji ya moto usiku kwenye baridi ya Juni ampelekee mkwe wake, sina hakika kama mtu huyo akisikia umechoka atakasirika. Huenda ataumia, ndiyo, kwa kuwakosa. Kukosa wajukuu na kukosa vibarua ni maumivu mawili tofauti, na dawa zake si moja. Vibarua wa kuchuma wanapatikana, wanalipwa kwa ndoo. Wajukuu hawapatikani kwa ndoo.

Kwa hiyo njia mnazo, na kila moja ina bei yake.

Mnaweza kwenda Karonga wiki zote tatu na kutuma hela ya wachumaji. Mama atapata kahawa yake, lakini hela iliyotumwa kwa simu bila mtu kufika inaweza kusomeka kama malipo ya kujitoa. Mnaweza kugawa, siku kumi za kwanza Mbozi, kisha ziwani. Wengi wangekuambia hiyo ndiyo ya busara. Mimi naiogopa kidogo, kwa kuwa wewe mwenyewe umesema kahawa haiivi yote siku moja. Siku kumi zitakuwa kumi na nne kabla hamjajua, na utafika Karonga miguu yako ikiwa ileile. Mkiichagua, tarehe ya kuondoka isemwe mapema na mumeo ndiye aiseme.

Kijana wenu anaweza kwenda Mbozi wenzake wakaenda ziwani. Ana miaka kumi na minne, ana mibuni yake, ana binamu zake, na kati yenu wote ndiye pekee ambaye tayari ana kitu cha mwenyeji kule. Msimwone mkaidi. Ila kuna watakaosema mmemtuma mtoto akachume badala yenu, na yeye mwenyewe akiona picha za dada yake mtumbwini anaweza kujuta. Muulizeni yeye, msimwamulie, na msimfanye kuwa malipo ya amani yenu na shemeji.

Kuhusu kumchukua mama aje ziwani nanyi, nililifikiria kwanza nikafurahi, kisha nikajiuliza ni mkulima gani wa Mbozi ataiacha kahawa mwezi wa sita. Labda kwa siku chache, labda msimu ukiisha. Desemba nayo ipo, kahawa imekwisha, lakini ziwa lina joto kali, mvua zimeanza na mbu nao, na Mbozi wakati huo wanapanda mahindi.

Ipo na Matema. Ni ziwa lilelile, upande wetu, Milima ya Livingstone imesimama nyuma ya maji, na vyungu vya Wakisi vinashushwa kwenye mitumbwi kutoka Ikombe. Hamna pasipoti, hamna kubadilisha hela, na 600,000 inabaki. Mnaweza kupanga nyumba na kuishi vilevile polepole. Lakini si ng'ambo, na ni Kyela kwenu hasa, kwa hiyo shemeji atakuwa na la kusema zaidi. Na mumeo ndoto yake ni kuvuka. Ndoto ya mtu usiipunguze bila kumuuliza kwanza ndani yake kuna nini.

Kwa upande wa karatasi, kabla hamjatoa hela hiyo nendeni ofisi ya Uhamiaji mjini Mbeya muulize habari ya hati ya dharura ya safari. Ni nafuu kuliko pasipoti, na watu wa mpakani wengi huvukia hiyo. Chukueni vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na vyeti vya chanjo ya homa ya manjano mviulizie mapema.

Mkienda, nina la mama kwa mama. Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ziwa liko chini ya 500. Watoto waliokulia kwenye baridi yetu miili yao haijazoea malaria ya kule. Vyandarua viwe vyenu, na mtoto akipata homa apimwe siku hiyohiyo, hata kama mmesharudi nyumbani na wiki mbili zimepita. Ziwa lile lina kichocho, hasa penye majani na maji yaliyotulia. Waogee penye mchanga mtupu na mawimbi, na mwezi mmoja na nusu hivi baada ya kurudi waoneni wataalamu wa afya kwa vipimo na dawa. Na Juni hiyo upepo wa mwera unavuma. Wamalawi nao wanauita mwera hivyohivyo, na ukivuma ziwa linabadilika ghafla. Yule mdogo anayependa mtumbwi apande asubuhi, na mvuvi akisema leo hapana, iwe hapana.

Umesema unaona aibu kuandika kwamba kwenda unataka. Kwa nini? Umeifanya kazi ya watu miaka kumi na tano na hujalalamika. Kutaka hakumnyang'anyi mama kitu. Inawezekana ukataka na usiende, na inawezekana ukaenda na ukawa umemheshimu. Ninachokuomba ni kwamba kutaka kwako kusemwe na mdomo wako, si wa mumeo kwenye simu.

Sasa ni Mei. Kahawa ya kwanza kule imeanza kubadilika rangi, kazi yenyewe bado. Mbozi kwa basi si mbali, unaweza kufunga kibanda Jumamosi moja ukaenda peke yako, bila mume, na mkalimani asiwe shemeji. Wifi yako kama yupo karibu, au jirani mwanamke anayewapenda wote wawili. Usianze na Karonga. Muulize mama mibuni imezaa vipi mwaka huu na jiko linavuja upande gani, na akijibu usikimbilie kujieleza. Halafu mwambie kwamba lile beseni la mwaka jana hujalisahau. Sentensi hiyo ijifunze kwa Kinyiha kabla hujapanda basi. Wanyiha Mwanjelwa hawakosekani, hata kwenye meza ya jirani yako sokoni unaweza kumpata wa kukufundisha.

Akikujibu, niandikie alisema nini.

Shangazi